Siku ya Kwanza Uwanja Mpya

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na tangu ujana wangu nimeshabikia timu moja. Uwanja wake wa zamani ulikuwa Nyamirambo, mwendo wa dakika chache kutoka dukani kwangu. Tulisimama popote, mashabiki wa timu zote bega kwa bega, tukitukanana na kugawana karanga.

Klabu ilipopata uwanja mpya upande wa pili wa jiji, niliamua kuishonea bendera ya kuuzindua, pana kama vitanda viwili. Ilinichukua wiki tatu. Mke wangu alinicheka.

"Hata nguo ya harusi yangu hukuishona hivi, baba watoto."

Siku ya mechi ya kwanza nilipanda moto, pikipiki ya abiria, bendera mgongoni, fito ya mwanzi mkononi. Uwanja ulikuwa mzuri hadi ukanitisha. Kila mtu na kiti chake chenye namba, na katikati yetu na wapinzani uzio wa chuma. Hatukuwahi kutengwa kabla. Mchezo haujaanza, tayari tulikuwa tunatazamana vibaya.

Dakika za mwisho walitufunga. Mikono ikapita juu ya uzio, ikaishika bendera yangu na kuivuta. Nikasikia kitambaa kikichanika. Sauti hiyo naisikia kila siku, lakini kwa mkasi wangu na kwa hiari yangu. Nikabaki na fito mkononi.

Uzio ukalala. Viti vipya viling'olewa vikaruka hewani. Kimoja kilimpiga jirani yangu mdomoni, akatema jino. Watu walikimbilia ngazi za kutokea. Mimi sikuwa nakimbia. Nilikuwa namtafuta mtu.

Nilimpata kwenye ujia ulio chini ya jukwaa, mwanamume wa rika langu, amejifunga kipande cha bendera yangu shingoni. Sijui kama ndiye aliyeichana. Sikuuliza. Nilimpiga begani, akainua mkono. Nikampiga mkono, fito ikapasuka. Pigo la tatu, ncha iliyopasuka ilimwingia jichoni. Akaanguka, nami nikaendelea kumpiga mateke ya mbavu. Hakuna aliyenisukuma. Naandika ukweli: nilijisikia raha.

"We mzee, unaua mtu!" alipiga kelele mama mmoja muuza maji. "Acha! Iko nakufa!"

Hapo ndipo nilipoacha. Damu ilimtoka kati ya vidole, ikatiririka kwenye saruji isiyokuwa hata na alama ya kiatu. Nikaketi karibu naye. Polisi walinikuta nimeketi hivyo hivyo.

Alipoteza jicho. Mimi nilifungwa. Nilipotoka, mke wangu alinipeleka nyumbani kwa yule mtu, mtaa wa Kibagabaga. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Alitukaribisha, akatumiminia chai polepole, akikadiria mahali kikombe kilipo kwa kukigusa kwanza kwa kidole. Chai kidogo ilimwagika mezani. Mke wangu alinyanyuka kumsaidia, akakataa.

"Nisamehe, ndugu yangu," nilianza.

"Ngoja kwanza. Nilipokuwa chini, nilisema 'basi'. Ulinisikia?"

Mke wangu alinigeukia. Mahakamani nilikuwa nimeapa kwamba kelele zilikuwa nyingi, sikusikia neno.

"Nilikusikia," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nilitamani anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Sawa," alisema. "Miezi yote hii nilidhani sauti yangu haikutoka. Usiku naota napiga kelele, mdomo uko wazi, hakuna kitu. Kumbe ilitoka."

Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kuomba tena. Alitusindikiza hadi barabarani, akamuaga mke wangu kwa kumpa mkono. Mimi aliniinamishia kichwa tu, akarudi ndani.

Tulisimama kando ya barabara tukisubiri moto. Gari zilipita.

"Uliapa mbele yangu," alisema mke wangu. "Wanao walikuwa wameketi pale, wakakuamini. Wanakutetea shuleni mpaka leo."

"Niliogopa."

"Na yeye pale chini hakuogopa?"

Moto ya kwanza ilipofika, alivaa kofia ngumu, akapanda peke yake, akaondoka bila kunitazama.