Dirisha Juu ya Kitanda

Japheth Mukhwana alikuwa fundi wa nyumba mjini Busia, na ungemuuliza mwenyewe angekwambia ni fundi wa upande huu wa mpaka na ule wa pili pia. Mwaka wa sitini na nne maduka yalikuwa yanachipuka kando ya barabara ya Kampala, na kila mwenye duka alitaka mabati, sementi na madirisha ya kufunga kwa komeo. Japheth aliwajengea. Maringo alikuwa nayo, tena si haba, lakini kuta zake zilisimama wima, kwa hiyo watu walimvumilia.

Nyumba moja tu hakuwahi kuiingia na hakutarajia kuiingia: ya mama mkwe wake, Petronilla, kule Mundika. Mtu mwenye heshima zake haingii anamolala mama wa mkewe. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anajitia majanini mpaka mwenzake apite. Hata salamu hupelekwa na mtu wa tatu. Miaka tisa ya ndoa, na Japheth alimjua Petronilla kwa mgongo na kwa sauti tu.

Petronilla alikuwa mjane. Mabinti zake watatu walikuwa wameolewa, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, chumba kimoja kikubwa, na alipikia mle mle alimolala, kama wengi wa wakati ule. Basi Uhuru ulipokuja, kila mkwe mwenye jina akataka kuonekana, na Japheth hakuwa mtu wa kubaki nyuma. Akampelekea mama mkwe mabati. Yeye mwenyewe asingeweza kumpandia mkwewe juu ya paa, kwa hiyo alimtuma Mutua, Mkamba mmoja aliyekuwa tanboi, yaani utingo wa lori, kabla ya kuacha barabara na kushika nyundo. Mutua aliteremsha nyasi, akapigilia mabati kwa siku nne. Mundika nzima ilikuja kutazama paa linavyometa.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na kosa lilikuwa la fundi. Paa la nyasi hupumua: moshi unapanda, unajipenyeza, unatoka taratibu. Mabati hayapumui. Mtu aliyekuwa amejenga maduka kumi na mawili hakulifikiria hilo hata kidogo, kwa sababu madukani hakuna anayekoka kuni sakafuni.

Haukupita mwaka Petronilla akaanza kukohoa. Macho yakawa mekundu kutwa. Bintiye Nabwire, mkewe Japheth, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito wa miezi minane, alimpeleka zahanati. Dresa, mganga msaidizi wa pale, aliweka sikio mgongoni mwa yule mama, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Dawa nitampa," alimwambia Nabwire, "lakini akirudi kulala ndani ya moshi, dawa ni bure. Mvua kubwa zikimkuta na kifua hiki, msije kunilaumu."

Maneno hayo yalimfikia Japheth jioni ile ile, na hakuyachukulia mzaha. Wazo lake la kwanza lilikuwa jiko la nje, kibanda chake peke yake. Alimtuma Alaso, mama mmoja jirani wa Petronilla, akaulize. Ilichukua wiki tatu za kubembeleza kabla Alaso hajarudi na jibu la mwisho.

"Anasema moto ule uliwashwa na marehemu mumewe siku aliyoletwa pale kama bibi arusi. Hautoki nje. Utatoka siku yeye atakapotolewa."

Haya basi, dirisha. Tena Japheth aliapa kwamba safari hii hamtumi mtu, atalikata kwa mkono wake, kutoka nje. Alimuuliza mkewe mafiga yako wapi. Nabwire, ambaye alikuwa amejifungua juzi yake na hakuwa amefika Mundika tangu siku ya zahanati, alijibu bila kufikiri mara mbili: ukuta wa nyuma, karibu na kona ya mtungi. Ndiko yalikokuwa tangu yeye mtoto.

Siku ya kazi Petronilla alishinda kwa Alaso, ili mkwe afanye kazi bila kuona haya. Japheth, bila kuthubutu kuchungulia ndani, alikata ukuta wa nyuma chini kidogo ya paa, akatia fremu ya mvule, akaweka waya wa kuzuia panya, akazungushia sementi. Akarudi nyuma hatua tatu kuitazama kazi yake, akajipigia mluzi. Kesho yake Alaso alifika mjini na jogoo kwapani.

"Mama anashukuru. Anasema mkono wako ubarikiwe."

Yule jogoo aliliwa, na habari za dirisha zikasimuliwa katika kila hoteli ya chai kuanzia forodhani mpaka stendi. Mtu angedhani amejenga kanisa.

Mvua zilianza. Mtoto alipotimiza miezi miwili Nabwire alimfunga mgongoni, akaenda Mundika kumwonyesha bibi yake, akalala huko. Asubuhi alirudi akitembea kwa hasira, akaingia bila hata kusalimia.

"Umeweka dirisha juu ya kitanda cha mama yangu," alisema.

"Nimeweka juu ya mafiga. Si wewe uliyeniambia?"

"Mafiga alishayahamisha, Japheth! Moshi wa mabati yako ulipomzidi, aliyasogeza mlangoni ili utoke, kitanda akakirudisha nyuma. Mimi nitajuaje na nilikuwa nyumbani na tumbo, kisha na mtoto? Sasa upepo unaingia mlangoni, unazoa moshi wote, unampitishia usoni, ndiyo utoke kwa dirisha lako. Mama halali. Anakaa kitako kitandani mpaka kunakucha, ameshika kifua."

"Na yule jogoo? Mbona alishukuru?"

"Ulitaka amtume Alaso aje akuambie habari za kitanda chake? Wewe ni mkwe wake!"

Japheth aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Siku ile hakwenda kazini. Alikaa juu ya rundo la matofali nyuma ya nyumba yake, na ukweli ni kwamba aliogopa. Heshima ilimfunga yule mama mdomo, na heshima hiyo hiyo ilimzuia yeye asione alichokuwa anajenga, na katikati ya heshima hizo mbili mtu alikuwa anakosa hewa. Na mvua zilikuwa zimebakiza miezi miwili.

Dawa aliijua. Ni bomba la moshi la matofali, dohani, kama ile aliyomjengea mwoka mikate wa sokoni. Shina lake lingepanda ukutani kwa nje, hilo angeweza. Lakini mdomo wa dohani lazima ujengwe ndani, juu ya mafiga. Mutua alikuwa amerudia malori, na hakuna aliyejua yuko Kampala au wapi. Na Petronilla alishasema kupitia kwa Alaso kwamba mwanamume mgeni hataingia kwake kuhesabu vyombo vyake.

"Basi ni mimi," alisema Nabwire.

Japheth alicheka. Nabwire hakucheka. Siku tatu alimfundisha nyuma ya nyumba, kupanga tofali, kuvusha maungio yasifuatane, kutumia timazi ili ukuta usimame wima, na siku ya nne wakaenda Mundika na mkokoteni wa matofali.

Petronilla safari hii alikataa kuondoka. Alitundika mkeka katikati ya chumba, akakaa nyuma yake na mjukuu mapajani. Nabwire alikuwa mlangoni, penye mafiga. Japheth alisimama nje, ameupa ukuta mgongo, akitoa maagizo huku akisikiliza sauti ya mwiko.

"Unapiga kama unaponda muhogo! Gonga taratibu."

Kikohozi kilitoka nyuma ya mkeka, kisha sauti. "Nabwire, mwambie huyo bwana aliye nje, mwanafunzi akishindwa hapa, sisi tutamuuliza mwalimu."

Alaso, aliyekuwa amekuja kutazama, alicheka mpaka akakaa chini.

Saa sita alitokea Mzee Ojiambo, ndugu wa marehemu, amekunja uso. "Japheth, nimeambiwa mwanamke anajenga ndani ya nyumba ya kaka yangu. Tangu lini?"

"Mzee, hajengi," Japheth alisema. "Kukandika ukuta si kazi ya wanawake?"

"Ni kazi yao."

"Basi anakandika. Ni vile tu anakandika na matofali."

Mzee Ojiambo alilifikiria hilo. Hakuridhika, lakini hakupata pa kulishika, akaketi kwenye gogo kungoja aone mwisho wake.

Ilichukua siku mbili. Nabwire alivunja tofali nyingi, akabomoa safu nzima mara moja, akalia mara moja. Alipomaliza, Japheth aliunganisha shina lake kwa nje, akalipandisha mpaka likapita paa. Aliuliza kupitia kwa mkewe kama alizibe lile dirisha la nyuma. Petronilla akajibu aliache, moshi ukikoma litamletea hewa.

Saa tisa alasiri Nabwire alikoka moto, akateleka chungu cha maharagwe. Wote wa nje walitazama juu. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu moshi ukatoka kichwani mwa dohani, kwanza mwembamba, kisha mzito, ukachukuliwa na upepo kuelekea Uganda. Alaso alipiga vigelegele. Mzee Ojiambo alisema, "Kumbe." Ndani kulikuwa kimya. Hakuna aliyekohoa, wala aliyesema neno, na kimya kile kikaanza kumtia Japheth hofu.

Nabwire alitoka mikono imejaa udongo, kidole mdomoni.

"Amelala."

"Amekaa?"

"Amelala, Japheth. Ameweka kichwa chini."

Hapo angepaswa kuchukua mwiko wake aende zake. Badala yake alizunguka mpaka nyuma ya nyumba, akasimama chini ya lile dirisha lake, sikio juu. Pumzi iliingia, ikatoka. Kifua kilikuwa bado kinakwaruza kidogo, lakini pumzi ilirudi kila mara, ndefu, bila kukatika. Mzee Ojiambo alimfuata, akasafisha koo kumkumbusha adabu, maana hakuna aibu kama mkwe kusikiliza usingizi wa mkwewe. Japheth hakusogea. Machozi yalimtoka naye akayaacha. Alisimama pale mpaka maharagwe yakaiva, akisikiliza mama wa mkewe anavyopumua.