Wimbo Nilioumalizia Msamvu

Siku ninayoikumbuka kila ninaposhika gitaa, mwanangu, ni ile niliyoumaliza wimbo usiokuwa wangu. Umenijia na daftari lako unauliza kwa nini nyimbo zangu nyingine zinakatika njiani, na kwa nini kitabu changu kinaishia mlangoni kabla mtu hajaingia. Wengine nawajibu kwamba ndiyo sanaa, wanaridhika. Wewe nitakuambia ukweli. Ukitaka kucheka, cheka taratibu.

Bibi yangu alilima kabichi Mgeta. Kule ukungu ukishuka mchana huoni hata mkono wako, na njia ni nyembamba, upande mmoja korongo. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na wimbo wa kuitia watu. Mwanamke husimama mlangoni akaimba, aliye njiani hujibu kwa mluzi, akaifuata sauti mpaka nyumbani. Ubeti wa mwisho, "Umefika, tua mzigo," huimbwa mtu akishakanyaga kizingiti. Hauimbwi kabla.

Mjomba Benedikti, mtoto wa kiume wa Bibi, aliondoka na tenga la kabichi kabla sijazaliwa. Ukungu ukamkuta. Hakuonekana yeye wala tenga. Bibi akaendelea kumwimbia kila ukungu uliposhuka, akiishia pale pale kabla ya ubeti wa mwisho. Na kutoka korongoni, mwanangu, mluzi ulijibu. Niliusikia utoto wangu wote. Haukusogea karibu wala haukwenda mbali. Sisi watoto tuliuzoea, tukaendelea kumenya viazi.

Nilipokuwa msichana mwenye gitaa na kichwa kikubwa, niliuchukua wimbo ule nikashuka mjini kuurekodi, Msamvu, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Fundi mitambo akaniambia, "Dada, mbona wimbo unaning'inia? Umalizie bwana, watu watulie." Nikaona ana akili. Nikafumba macho nikaimba: umefika, tua mzigo.

Tuliposikiliza kanda, baada ya ubeti ule ukasikika mluzi. Ulikuwa karibu, nyuma ya bega langu. Kisha kishindo cha kitu kizito kikitua sakafuni. Chumbani tulikuwa wawili na mlango umefungwa. Fundi akazima mitambo, akaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi nasikia harufu ya kabichi iliyonyeshewa.

Niliogopa, sikufichi. Lakini nilipanda lori kwenda kwa Bibi nikijipa moyo kwamba atafurahi kusikia wimbo wake utapigwa redioni. Nilimkuta ameketi kizingitini, ukungu umejaa uani, haimbi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Leo siku ya nne hajibu," akasema. "Umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakupaza sauti, afadhali angenichapa.

"Miaka yote hii mwanangu anautafuta mlango wa mama yake," akasema. "Wewe umemwambia amefika. Umemtua mzigo Msamvu, kwa watu asiowajua, hakuna hata wa kumpa maji. Nenda kamchukue."

Nilirudi nikilia njia nzima. Katika chumba kile niliona haya kusema na ukuta, lakini nikasema: "Mjomba, nilikosea. Si hapa. Twende kwa mama." Nikauanza wimbo upya. Niliimba stendi, nikaimba juu ya lori, abiria wakidhani nimerukwa na akili. Tulipopita Mlali sauti ilikauka, nikaendelea kwa kunong'ona. Watu tulikuwa wengi, lakini pembeni yangu palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeikalia.

Kizingitini nikanyamaza. Bibi hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, muda mrefu. Kisha akaimba mwenyewe, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwimbaji yeyote: umefika, tua mzigo. Nyuma yangu kitu kizito kikatua chini. Sikugeuka. Bibi akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya maji. Mimi alinipa kimoja.

Mluzi haukusikika tena Mgeta. Kanda niliifuta kwa mkono wangu.

Sasa hii hadithi uliyoniletea, ya shangazi yako na mtoto wake aliyepotea. Umeandika vizuri, nakusifu. Ila huo mwisho, mama amesamehe, amepata amani, nani kakuambia? Rudi kwake ukamuulize. Akisema bado, acha hapo hapo alipo yeye, msomaji hatakufa. Imba habari za watu, ziandike, lakini uchungu wa mtu aufunge mwenyewe, mlangoni kwake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kwanza, sauti baadaye. Na siku ukungu utakapokukuta njiani, akujalie mtu wa kukuita, na mtu huyo awe amesimama kwenye mlango wa kwenu.