Wimbo wa Domitila Ndani ya Pikapu ya Kijapani

Enzi zetu kijijini Litapunga wimbo ulikuwa na mwenyewe, kama baiskeli inavyokuwa na mwenyewe. Ukipita unaupiga mluzi, watu walijua umeutoa kwa nani. Wenye redio walikuwa wachache, na betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo ya kusikiliza salamu. Kwa hiyo nyimbo nyingi tulijitengenezea hapo hapo nyumbani: za kwaya, za kupukuchua mahindi, za kufunga majani ya tumbaku kwenye fito huku vidole vikinata na kunuka hadi ugali ukawa mchungu mdomoni. Sisi watoto tuliziokota na kuzipeleka kwenye mchezo wa kombolela, kisimani, hata shuleni, tukiimba na ufagio wa chelewa begani.

Wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa baba mdogo Elizeo. Aliwahi kwenda milimani kando ya Ziwa Tanganyika kuwabebea mizigo Wajapani waliokuwa wakifuatilia sokwe msituni, akarudi na mabuti ya mvua na wimbo mmoja alioupa jina la Domitila. Domitila alikuwa binti wa fundi cherehani wa Nsemulwa, kule mjini, na kila kijana mwenye baiskeli alikuwa ameshapita mbele ya baraza lao akijifanya kapotea njia. Elizeo hakuwa na baiskeli. Alikuwa na gitaa la galoni, lenye nyuzi za waya wa breki.

Sauti ya wimbo ule ilipanda polepole kama mtu anayepanda kichuguu na ndoo kichwani. Ikifika juu ilisita, halafu ikashuka upande ambao hukuutegemea. Hakuna wimbo wa kwetu ulioshuka hivyo. "Kichwa cha huyu mtoto hakijakaa sawa," bibi alisema, "lakini hapo pameniingia." Na maneno yake: Domitila, mvua ikinyesha Nsemulwa, mimi nalowa Litapunga.

Domitila aliusikia kwenye sherehe ya mavuno. Wiki hiyo hiyo akamkataa mfanyabiashara wa Kashaulili mwenye duka la vitenge. Baba yake alipomgombeza, alimjibu jibu ambalo wanawake wa Litapunga walilirudia msimu mzima: "Baba, dukani kwake anaingia yeyote. Huu wimbo ni wangu peke yangu."

Siku ya harusi tulikodi pikapu kwenda kumchukua bibi harusi Nsemulwa. Gari lenyewe lilikuwa limeshushwa juzi tu kutoka kwenye treni, limetumika Ujapani, na ubavuni bado lina maandishi ya kwao yaliyofanana na nyayo za kuku. Dereva alitukataza hata kuegemea rangi. Domitila akakaa mbele na shela lake, sisi ndugu wa bwana harusi tukajazana nyuma na vigelegele. Elizeo alikuwa anasubiri kanisani.

Tulipoiacha lami, dereva akabonyeza redio. Vikaja vinanda, gitaa, kisha sauti ya mwanamke katika lugha tusiyoijua. Ikapanda polepole. Ikafika juu, ikasita. Ikashuka upande ule ule.

Vigelegele vilikatika kama kamba.

"Yesu wangu!" shangazi Yuditha akashika kifua. "Nani huyu anaimba wimbo wetu?"

"Umefika Ujapani!" mjomba mmoja akaruka. "Elizeo kawa mtu mkubwa, nyie!"

Basi tukalipuka kwa shangwe, na mimi nilipiga kelele kuliko wote. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Acheni ushamba nyie! Kaseti imekuja humu humu ndani ya gari, hata kutoka haitoki. Ni ya zamani kuliko huo wimbo wenu."

Kupitia kioo kidogo cha nyuma niliona shela la Domitila. Halikutikisika.

Kanisani kwaya ilianza kuimba, ikanyamaza yenyewe. Bibi harusi alikuwa amekataa kushuka. "Mwiteni," alisema. Elizeo akaja mbio na suti ya kuazima, ua la plastiki kifuani. Alipoisikia ile sauti, uso ulimkauka.

"Elizeo, huyu mama ni nani?"

"Simjui jina. Wajapani walipiga kaseti yake jioni, kule kambini."

"Kwa hiyo wimbo wangu ni wa kukopi."

"Sauti nilikopi, Domitila. Maneno ni yangu."

"Nitajuaje? Labda na huyu anamwita Domitila. Labda mvua nayo imo humo humo."

Hakuna aliyecheka. Nani angecheka? Kati ya wote waliojaa pale uwanjani, mchungaji akiwemo, hakuna aliyejua hata neno moja la Kijapani.

"Dereva, rudisha mwanzo," Domitila akasema. "Na nyie wote nyamazeni. Nataka kusikia kama jina langu limo. Likiwemo, geuza gari."

Tukasikiliza. Wazee walivua kofia bila kuambiwa. Kila yule mwanamke alipovuta pumzi, Elizeo alikaza mkono kwenye mlango wa gari, kana kwamba neno lijalo lingemwangusha. Shangazi Yuditha alifumba macho, midomo ikimcheza. Wimbo ukapanda, ukasita, ukashuka, ukarudia tena na tena, hadi kaseti ikabaki inakwaruza.

Domitila akafungua mlango.

"Hanitaji," alisema. "Yeye ana wake, mimi nina wangu. Shangazi, shika shela lisiguse vumbi." Kisha akamgeukia Elizeo. "Lakini ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Ungejuaje, hukuniambia!" Akaingia kanisani akiwa mbele yake, na kwaya ikamkimbilia.

Juzi nilimwimbia mpwa wangu kipande cha wimbo ule, akasogeza simu mdomoni mwangu, na kabla sijameza mate akawa ameshaupata. Jina la mwimbaji, picha yake akiwa kijana, kila kitu. Tena si yeye tu: Wachina wameuimba, Wabrazili wameuimba, kuna watoto wa shule wanaupiga kwa filimbi. Nikamwambia mpwa wangu haya ni maajabu. "Sasa shangazi, kwani kuna nini?" akasema. "Kila mtu anarudia nyimbo." Hakuinua hata kichwa. Hicho ndicho kilichonishtua kuliko vyote: ana nyimbo za dunia nzima mkononi na hakuna hata mmoja unaomshtua.

Nilimtazama akiruka kutoka kwa mwimbaji mmoja hadi mwingine kwa kidole gumba, na hakuna aliyepewa nafasi ya kufika pale juu pa kusita. Sisi tuliusikiliza hadi mwisho, uwanja mzima wa kanisa, kwa sababu ndani ya gari alikuwemo mtu aliyekuwa hajaamua kama ataolewa.