Poda Ndani ya Kola

Mimi shule nilikaa miezi mitatu tu, lakini pua yangu imesoma kuliko makarani wote wa Kericho. Wanaotazama leo nyumba yangu ya mabati na ng'ombe wangu wa maziwa, wajue ilianzia wapi.

Miaka ile ya thelathini nilikuwa kiwandani, chumba cha kuchambua chai kavu. Chai hushika harufu upesi kuliko nguo. Kwa hiyo tulikatazwa kitunguu, tumbaku, hata sabuni ya kunukia. Aliyenifundisha hayo ni mtu mzima mmoja kutoka upande wa ziwa, jirani yangu kwenye nyumba za kampuni. Aliniita mdogo wangu, na mkewe alinilisha miaka miwili. Basi Bwana, mzungu mkuu wa kiwanda, akatangaza kwamba Jumatatu anachagua nyapara, na kila mtu alijua ni huyo jirani.

Mimi nilikuwa na manukato. Nilimpa mpishi wa memsahib, mke wa Bwana, kuku, akanipa chupa iliyobaki kidogo chini. Jumapili baada ya Jumapili nilidondosha tone kwenye kitambaa, nikakaa nalo. Kwanza lilipiga kali, kama ganda la chungwa. Hiyo hufa mara moja. Kisha yakaja maua, waridi na yale madogo ya zambarau ya bustani ya memsahib. Kufika jioni maua yamekwisha, imebaki poda, laini, kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hiyo haiondoki upesi. Kwenye baridi inalala, ukiipa joto inaamka. Hakuna mwalimu aliyenipa elimu hiyo.

Jumapili ya kuamkia uchaguzi, shati la kazi la jirani yangu lilikuwa limeanikwa uani. Nikatia matone matatu ndani ya kola, nikaenda zangu kanisani.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa ya ukungu. Bwana alitunusa mlangoni mmoja mmoja, kama kawaida yake, na jirani yangu akapita. Saa nne mashine ya kukausha ikapasha chumba, jasho likatutoka. Bwana akaonja kikombe cha chai iliyotoka meza ya jirani yangu, akatema.

"Hii chai imelala na mwanamke!"

Watu wakaangua kicheko. "Mzee, ni memsahib gani huyo?"

"Na sisi tunuseshe kidogo!"

Jirani yangu akanusa viganja vyake, akanusa mkono wa shati. Hakupata kitu. Akanigeukia.

"Mdogo wangu, pua yako naiamini. Ninuse, umwambie Bwana ukweli."

Nikainama shingoni mwake, taratibu, sikuwa na haraka. Ilikuwa pale, poda tupu, tamu.

"Ni manukato ya kike, Bwana," nikasema. "Na huyu amezoea."

Akafukuzwa hapo hapo, nyumba aiache kabla ya saa saba. Unyapara nikapewa mimi.

Mchana nilipita kwao. Mkewe alikuwa amerundika sufuria na mikeka mlangoni, hajui hata washike njia ya Londiani au warudi kwao.

"Shemeji, nishikie hii kamba."

Nikamshikia. Nilifunga mzigo ule barabara, maana mimi kazi siifanyi ovyo.

Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba, amechutama, analifua shati kwa mara ya tatu. Akaninyooshea likichuruzika maji.

"Bado linanuka?"

Halikunuka chochote.

"Bado, kaka," nikamwambia. Akalirudisha kwenye karai.