Ukaguzi wa Alhamisi

Baba yangu alistaafu kazi ya kukagua malori mpakani Tunduma, akajenga Mbeya, na mwaka uliofuata akakutwa na kisukari. Kliniki yake ilikuwa Alhamisi moja kila mwezi. Kuanzia Jumatatu ya wiki hiyo alikula mboga za majani na maharage, akanywa chai bila sukari, na jioni akapanda kilima na kushuka kama mwanajeshi. Alhamisi alichomwa kidole, mashine ikatoa namba nzuri, muuguzi akamsifu. Akitoka pale alipita dukani, akanywa soda mbili na kula maandazi matatu. Wiki zilizobaki aliishi anavyotaka.

Nilimuuliza, "Baba, unamdanganya nani?"

Akanijibu kwamba aliyepita ukaguzi haitwi mwongo. Aliyasema hayo bila kucheka, mtu aliyetumia ujana wake wote kufunua maturubai ya watu akitafuta sukari ya magendo chini ya magunia ya mahindi. Nilitoka nje nisije nikamkosea adabu.

Mwezi uliopita tulimkuta muuguzi mpya. Huyu alichukua damu mkononi, si kidoleni, akasema kipimo hiki kinaonyesha sukari ya miezi mitatu yote iliyopita.

"Hata siku ambazo sikuja hapa?" Baba akauliza.

"Zote, mzee."

Akashusha mkono wa shati, tukatoka hadi getini. Hapo ndipo aliponiambia kwamba kile si kipimo, ni umbea.