Nilipumzika Kuandika, Newala Wakakaa Matanga

Jamani, hili naona aibu hata kulisema, lakini mkilisikia kwa watu wa Newala watalitia chumvi, bora mnisikie mwenyewe.

Mnajua huwa naandika hadithi kwa vipande, kila Jumatatu nawatumia wasomaji kwenye simu. Safari hii nilichoka, kichwa kikavu, nikaamua nipumzike wiki moja bila kujilaumu: nikaweka picha nyeusi tupu kwenye profaili (nilitaka ionyeshe utulivu, akili zangu hizo!), nikazima simu, nikafunga nyumba yangu Masasi, huyoo kijijini Makote kwa shangazi kuokota korosho. Raha niliyoipata, acheni tu.

Siku ya tano nikapita Newala mjini kumsalimia mama. Naingia uani, nakuta wanawake wamejaa kwenye mikeka, khanga kichwani, ndoo za maji walizokuja nazo zimepangwa ukutani (na Newala maji ni ya shida, mtu hakuletei hivihivi), mama simwoni. Nikajitupa chini, "Mama yangu weee!" Wote wakaangua kilio, na katikati ya kilio mama huyo, anatoka ndani mbio, kichwa wazi, "Neema! Mjukuu wangu Neema!"

Nikachanganyikiwa zaidi. Neema mwanangu yuko bwenini, mzima. Kumbe amekufa na mimi sina habari? Tukashikana tunalia, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme.

Jirani wa mama, Bi Somoe, ndiye aliyeuliza. "Mama Neema, pole mwanangu. Nani hasa amefariki? Mtu akiweka picha nyeusi si amefiwa? Simu haipatikani, tumetuma mtu Masasi kakuta mlango umefungwa. Tukasema tukae na mama yako mpaka tujue."

"Shikamoo," nikasema (mpaka leo sijui kwa nini). "Hajafa mtu. Nimepumzika kuandika hadithi."

Mama hakunigombeza. Alikaa chini akaushika mguu wangu, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli.

Bi Somoe akajifuta machozi. "Basi kwa kuwa tumeshakaa, yule binti wa kwenye hadithi, posa aliikubali?"

Wanawake wakasogea. Nikasimulia mpaka adhuhuri kipande nisichokuwa nacho, nakitunga palepale, mama hajauachia mguu.

Kupumzika bado napumzika, tena bila kinyongo. Ila kwanza nampigia simu: "Mama, wiki hii siandiki, na wote tuko hai."