Ua wa Kabula Kule Masumbwe

Sisi tuliokulia Masumbwe, enzi ambazo ndala zilikuwa za kwendea kanisani na gulioni tu, siku yetu ilianza kwa kufagia ua. Tulifagia kwa fito nyembamba zilizofungwa pamoja, tukiacha mistari mizuri kwenye vumbi, na kuku wa kwanza kuikanyaga alifukuzwa kama mwizi.

Mdogo wangu Kabula hakufagia. Surua ilimpofusha kabla hajajua kusema vizuri. Siku aliyojikwaa kwenye mafiga akaungua mkono, bibi, mama yake baba, aliamuru asishuke tena kutoka barazani. Akawa anakaa mkekani, akitusikiliza tukicheza rede na kuuliza nani ameshinda. Kisha ikaja siku ambayo hakuuliza tena, na hilo ndilo lililomshtua mama.

Jioni hiyo mama alimwambia bibi, kwa upole, kwamba mtoto si mzigo wa kuwekwa pembeni. "Kama haoni ua kwa macho, mama, nitautengeneza auone kwa miguu."

Bibi aliguna, akaingia kulala. Asubuhi tulimkuta ameshatangulia na jembe.

Kazi ilikula likizo yetu yote. Baba alileta mchanga wa mtoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, tukautandaza kutoka barazani hadi kwenye mtungi wa maji. Njia ya jikoni tuliimwagia maganda ya karanga, ukikanyaga yanalia kachakacha. Kuzunguka mafiga tulipanga kokoto kubwa, maana yake simama hapo hapo. Njia ya chooni bibi aliipanda mchaichai na mrehani pande zote mbili, akisema huko ndiko pua inakohitaji msaada zaidi. Katikati tukasiriba uwanja wa kuchezea kwa udongo wa kichuguu na samadi, ukawa laini kama sahani. Mwisho baba akatundika vibuyu vikavu kwenye mpera ulio karibu na lango, vigongane upepo ukivuma.

Tulipomaliza, mama alimshusha Kabula mchangani, akamwachia mkono. Alisimama muda mrefu akichezesha vidole vya miguu. Akafuata maganda, akacheka yalipolia. Alipogusa kokoto akasimama mwenyewe, na bibi akaziba mdomo kwa kanga. Kisha Kabula akageuza uso kule vibuyu vilikokuwa vikigongana, akavuka uwanja polepole hadi kwenye mpera, akaukumbatia.

"Nimefika," alisema. "Haya, nani anacheza na mimi?"

Tangu hapo watoto wa majirani walihamia kwetu. Tulijifunga kanga machoni tukashindana kutoka barazani hadi langoni. Wengine waliishia kwenye mchaichai, wengine kwenye zizi la mbuzi, na Kabula alitushinda wote bila huruma. Zawadi ilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyenenepa likizo ile. Bibi alikaa barazani akiwaeleza wapita njia kwamba ua ule ulikuwa wazo lake. Mama alicheka tu.

Leo Kabula ni mwalimu wa watoto wadogo huko Nyasubi, Kahama, na ua wake umetandikwa mchanga na maganda vilevile. Nilipowapeleka wanangu kumsalimia, walimwamkia shangazi yao, kisha wakabaki wamesimama na viatu vyao, wakiuliza kama mchanga ule ni safi. Aliwavua viatu mwenyewe. Kufikia mchana simu zao zilikuwa zimesahaulika dirishani, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Nyumbani kwangu nimetandika vitofali vya saruji ukuta hadi ukuta. Ni safi, na jirani zangu wanavisifu. Lakini zamani mvua ya kwanza ilitufikia puani kabla ya kutugusa, tukatoka nje wote kuinusa. Siku hizi inanyesha, saruji inalowa, na ndani ya nyumba hakuna hata mmoja anayeinua kichwa.